Mfereji wa Nyuma ya Stesheni

Ninyi mlioshika mwiko juzi juzi, mimi naitwa Lusekelo, fundi ujenzi mstaafu, nakaa Ibighi. Wengi wenu mnanijua kama yule mzee anayesimama nje ya saiti zenu, anakunja uso, kisha anaondoka bila kusema kitu. Mnadhani nina wivu. Wivu wa nini, wa kubeba zege kwenye ndoo? Nakunja uso kwa sababu natafuta mfereji na siuoni.

Nilitunza jengo moja hapa Tukuyu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Jengo hilo halipo tena. Mahali pake kuna ghorofa yenye vioo vya bluu, ninyi mnaiona nzuri, na sitagombana nanyi kwa hilo. Ila kuna jina la mtu lililofukiwa pale chini, na aliyelifukia ni mimi. Fundi Ambakisye, aliyenifundisha kazi, mpaka leo anasemwa kuwa alijenga ukuta mbovu ulioangukia mtu. Waulizeni wazee waliobaki, watawaambia hivyo hivyo. Nataka mjue habari ya ukuta ule kama ilivyokuwa, kabla na mimi sijaondoka.

Jengo lenyewe tuliliita Stesheni. Msiniulize reli ilipita wapi, maana haikupita. Shirika lililoendesha treni huko kwingine ndilo lililoleta huku mabasi na malori yake, na kila kitu likakifanya kwa mtindo wa treni. Kulikuwa na dirisha la tiketi, chumba cha vifurushi, ukumbi wa kusubiria, na stesheni masta mwenye kofia. Jina la shirika silitaji. Lilishabadilishwa mara kadhaa, na wahusika wengi wamekufa. Nakumbuka mzee mmoja kutoka Masoko alikuja na mkungu wa ndizi, akakaa barazani tangu asubuhi. Basi la kwanza likaondoka, la pili likaondoka, yeye ametulia. Stesheni masta akamfuata.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Nakwenda Mbeya kwa binti yangu."

"Mbona hupandi gari?"

"Mimi nimekata tiketi ya relwe, tata," akajibu, akimwita baba kwa lugha yetu. "Nasubiri treni."

"Treni yenyewe ndiyo hii," stesheni masta akamwambia, akionyesha basi.

Yule mzee alilizunguka basi zima, akayatazama magurudumu moja moja, akasema, "Basi mmetudhulumu." Tulicheka wiki nzima.

Lilikuwa jengo dogo lakini lilikaa sawasawa. Msingi wa mawe meusi ya kwetu, kuta za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo na kupigwa lipu ya chokaa, paa lenye mteremko mkali, bati nene za zamani ambazo ukizigonga zinalia kama sufuria tupu. Mbele kulikuwa na baraza yenye matao matatu, na tao la nne, dogo, lilikuwa juu ya dirisha la tiketi. Nyuma kulikuwa na kilima. Tukuyu kila jengo lina kilima nyuma yake au mbele yake, na mwenye kiwanja lazima aamue maji ya kilima yatapita wapi, la sivyo maji yataamua yenyewe. Aliyejenga Stesheni aliamua. Alichimba mfereji kati ya kilima na ukuta wa nyuma, upana wa hatua moja, kina cha kufika kiunoni, akaujenga kwa mawe pande zote mbili. Mfereji huo uliyapokea maji ya kilima na ya paa, ukayazungusha mpaka korongoni. Abiria hawakuuona. Walioujua ni sisi tuliousafisha.

Ambakisye alianza kazi pale kabla ya Uhuru, akiwa kibarua wa kuchanganya udongo. Wakati ule ukumbi ulikuwa umegawanywa kwa ukuta, Wazungu upande huu, Wahindi upande ule, na Mwafrika alikaa barazani na mizigo yake hata mvua ikinyesha ya mshazari. Miaka michache baada ya Uhuru likaja agizo la kuuvunja ukuta ule ili ukumbi uwe mmoja, na kuusogeza ukuta wa nyuma ili ukumbi uwe mpana. Kazi akapewa yeye, sasa akiwa fundi. Alinisimulia mara nyingi jinsi alivyopiga nyundo ya kwanza. Watu walikusanyika nje, na mama mmoja akapiga vigelegele kila tofali lilipodondoka. Ukuta mpya wa nyuma akaujenga mwenyewe, akauweka hatua moja kutoka kwenye mfereji, hakupunguza hata kidole. Wakubwa walitaka ausogeze zaidi, akawaambia hiyo hatua moja si mali yake ya kugawa, ni ya maji.

Huyo ndiye aliyenipokea. Mimi nilifika nikiwa nimetoka kujenga mabanda ya wafanyakazi wa chai, najiona fundi. Siku ya kwanza akaniambia nipige lipu kipande cha ukuta barazani. Nikachanganya saruji na mchanga, nikaipiga ikanyooka, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Akaja, akaweka kiganja, akaniuliza, "Ukuta huu utapumulia wapi?" Nikadhani ananitania. Akanifanya niibandue yote kabla haijakauka, na niuoshe ukuta kwa maji. Shikeni hili, kwa sababu sijaona mtu anayelifundisha siku hizi. Ukuta wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo unakunywa maji na unayatoa. Chokaa inauruhusu kuyatoa. Saruji inayafungia ndani, na kwa nje utaona ukuta mweupe, mkavu, mzuri, huku ndani tofali linarudi kuwa udongo. Ukitaka kujua, usiangalie rangi. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Panapoitika kwa sauti nzito, pana maji.

Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine walimchekea. Hakukabidhi kazi kabla haijanyeshewa. Hata ikiwa choo, hata ikiwa banda la kuku. Alisubiri mvua kubwa ya kwanza, akavua viatu, akakunja suruali, akalizunguka jengo mara tatu huku maji yanamchuruzika usoni. Mimi nyuma yake. Tulitazama maji yanaangukia wapi, yanatuama wapi, yanakimbilia wapi. "Huyu ndiye mkaguzi," alisema, akimaanisha mvua. "Wengine wote wanakuja kunywa chai." Nilipata homa ya mapafu mara moja kwa ajili ya choo cha mwalimu mkuu. Mama yangu alitaka kwenda kumgombeza.

Kwetu Rungwe mvua tumeizoea mno, na hapo ndipo penye hatari. Mtu wa nchi kavu akiona tone anakimbia kutazama paa. Sisi inatunyeshea wiki tatu mfululizo na tunaendelea kupiga soga. Ambakisye peke yake ndiye niliyemwona akiishangaa mvua kila mara kama mgeni.

Akastaafu, akarudi Masoko kwenye migomba na kahawa yake. Stesheni akaniachia mimi. Aliendelea kujenga huko vijijini, hasa makanisa, maana wazee wa kanisa walimpenda kwa sababu hakunywa pombe na hakuiba misumari.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ninyi mmezaliwa mkakuta kila kitu kinauzwa kila mahali, hamwezi kujua tulivyopigwa butwaa. Mwaka huu hakuna sabuni, mwaka ujao sabuni aina tano. Mabasi ya watu binafsi yakaanza kushuka na kupanda, yamepakwa rangi, yana muziki, hayasubiri saa wala stesheni masta. Yalipakia abiria barabarani juu. Mabasi ya shirika yakaharibika moja baada ya jingine, spea hakuna, mpaka ukumbi wetu ukawa unangoja abiria badala ya abiria kungoja basi. Stesheni masta alikuja kazini kwa muda mrefu akiwa na kofia yake, akafungua dirisha la tiketi, akalifunga jioni. Tulikaa naye tukipiga bao. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mwenyewe.

Halafu likaja agizo kwamba kila jengo lijilipie. Mkoani kulikuwa na afisa majengo, kijana msomi, mwenye haraka, tutamwita Afisa. Alikuja na mkanda wa kupimia, akapima ukumbi bila kuinua macho kutazama paa. Akaamua Stesheni iwe fremu za biashara. Kazi yangu ikawa kukivunja kile nilichofundishwa kukitunza. Tuliugawa ukumbi kwa mbao na siling'i bodi kuwa vichumba sita. Yale matao matatu ya baraza tukayajaza tofali, tukaacha mlango wa chuma katika kila moja. Bati nene zikashushwa, nikaambiwa zimeoza, siku hiyo hiyo zikaondoka kwa lori, na juu tukapiga bati jipya jembamba ambalo paka akipita linabonyea. Dirisha la tiketi tulilibomoa la mwisho. Tao lake nilipiga mara nne ndipo likaachia. Stesheni masta alikuwa amesimama pale ameshika kofia, na tangu siku ile hakurudi.

Sikulia. Ningelia ningepata kazi wapi? Kila mwezi kulikuwa na orodha ya watu wanaopunguzwa. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na mke ambaye kifua kilimsumbua.

Fremu sita hazikutosha. Watu walizitaka kama nini. Afisa akasema tuongeze nne upande wa nyuma, tuutoboe ukuta wa Ambakisye milango minne, na vyumba vyenyewe vikae pale penye ile hatua moja na juu ya mfereji, mpaka kwenye kilima. Nikamwambia pale kuna mfereji. Akasema, "Kwani mfereji unalipa kodi?"

Nilikwenda Masoko kumuuliza mzee wangu. Nilimkuta na binti yake Atupele, wakati ule akiwa msichana wa chuo cha ualimu, wanaanika kahawa. Ambakisye alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mafundi wengi hatuna.

"Fremu jenga," alisema. "Watu wanatafuta riziki, usiwazuie. Lakini mfereji usiuzibe. Ukilazimika, ufunike. Weka mabomba makubwa ndani, juu mwaga zege, acha shimo la kuusafishia. Na ukuta usiupige saruji."

"Nimeelewa, tata."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

"Na usikabidhi kabla haijanyesha."

"Sitakabidhi."

Atupele akanipa kikapu cha maparachichi, nikarudi nikiwa na moyo mwepesi.

Nilimwomba Afisa mabomba. Akasema hakuna mabomba. Nikaomba tusubiri. Akanichukua pembeni, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliniogopesha, kwamba katika orodha inayokuja Tukuyu itabakiwa na fundi mmoja tu, naye angependa awe mtu anayemaliza kazi. Wapangaji walikuwa wanaingia baada ya wiki mbili. Ulikuwa mwezi wa tisa, zile siku zetu chache za jua, kilima kimekauka hata vumbi linatimka. Nilishuka ndani ya mfereji nikautazama. Haukuwa na tone.

Niliujaza kwa siku tatu. Kifusi tulikuwa nacho tele, kifusi cha Stesheni yenyewe. Matofali ya milango tuliyotoboa, lipu ya chokaa, vipande vya lile tao la dirisha la tiketi. Nikashindilia, nikamwaga zege juu, nikaupiga ukuta wa Ambakisye saruji ndani na nje, nikapaka rangi ya krimu. Nikakabidhi juani. Afisa akanipa mkono. Kwenye orodha jina langu halikuwepo, na nilimshukuru Mungu kanisani kwa sauti.

Fremu ya kwanza upande wa nyuma aliichukua Mama Tusajigwe. Huyu mama alikuwa akiuza chai na ndizi za kukaanga kwenye baraza ya Stesheni tangu mimi nilipofika. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kukuamsha hata kama umekufa. Baraza ilipozibwa alikosa pa kukaa, kwa hiyo akaingia ndani, akawa na meza mbili na benchi ukutani. Mimi nilikuwa na nafasi yangu kwenye benchi hilo, mgongo umeegemea ukuta ule wa Ambakisye.

Mwezi wa kumi na mbili akaniita.

"Fundi, huu ukuta wangu unatoka jasho."

Nikaweka kiganja. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Nikagonga chini, ukaitika kwa sauti nzito. Nikagonga kwenye usawa wa goti, nzito. Nikagonga kiunoni. Vijana, mimi nilijua. Sikukosea kama mtu asiyejua kazi. Nilijua vizuri kama ninavyolijua jina langu.

"Ni mvuke wa birika zako, mama," nikamwambia. "Fungua mlango wakati unachemsha."

"Kumbe ni mimi mwenyewe," akasema, akacheka. "Ndaga, fundi," akanishukuru.

Kesho yake nikaja na rangi ya mafuta, nikaupaka ukuta ule mpaka kifuani ili jasho lisionekane. Alinipa chai ya bure. Niliinywa.

Ukuta ulianguka mwezi wa nne, saa tisa alasiri, siku ya sita ya mvua isiyokatika. Mimi nilikuwa juu ya paa la mbele nikiziba tundu kwenye lile bati la paka. Sikusikia kishindo. Ukuta uliooza haupigi kishindo, unashuka tu kama mtu anayekaa chini amechoka. Nilisikia watu wakipiga kelele, nikashuka. Wateja wawili walikuwa wametoka mbio. Mama Tusajigwe naye alikuwa ameshafika mlangoni, lakini akarudi kuliondoa jiko lenye moto karibu na mbao, asije akaiunguza Stesheni nzima. Ukuta ukamkuta hapo. Tulimchimbua kwa mikono, na matofali yalikuwa yanamomonyoka vidoleni kama keki. Alikuwa anaita "Ee Kyala, ee Kyala," akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani, na aliponiona akanishika mkono akasema, "Fundi, jiko nimelizima?"

Mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili, ukaunga vibaya. Hakuuza chai tena. Alihamia kwa dada yake Mpuguso, akawa anatembelea gongo, na kila aliponiona alinisalimia vizuri. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

Afisa alikuja na wenzake wawili. Walikaa kwenye gari kwa sababu ya mvua, wakaniita dirishani.

"Ukuta huu ulijengwa na nani?"

"Fundi Ambakisye," nikasema.

"Ulijengwa kwa saruji?"

"Hapana, kwa udongo."

Wakaandika. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Kuhusu mfereji hawakuniuliza. Afisa alinitazama kidogo, nami nikamtazama, tukaelewana, na yeye akafunga kioo. Ripoti ikasema ukuta ulikuwa dhaifu tangu ulipojengwa. Wiki mbili baadaye mji mzima ulikuwa unasema ukuta wa Ambakisye, udongo wa Ambakisye. Watu waliokwisha kujengewa naye wakaanza kuziangalia nyumba zao kwa jicho jingine. Wakati huo alikuwa amefikisha kwenye renta, juu ya milango na madirisha, ukuta wa kanisa moja kule Mpuguso, kazi ambayo alisema ndiyo itakuwa yake ya mwisho. Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Hawakumtukana, ni watu waungwana. Walimwandikia barua ya kumshukuru kwa alipofikisha, wakamleta fundi mwingine kutoka Mbeya. Mama Tusajigwe aliabudu kanisa lile lile, na walisema haitapendeza.

Nilisikia habari hiyo nikiwa sokoni. Nilikaa siku kadhaa silali vizuri, kisha nikaenda Masoko. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia hivi, nitamwambia vile. Nikamkuta shambani anakata majani makavu ya migomba. Alikuwa amekonda. Tukasalimiana kirefu, kama ilivyo kwetu, habari za mke, habari za watoto, habari za kifua cha mke, habari za mvua. Akasafisha kisu kwa jani.

"Umekuja kunieleza jambo?" akauliza.

Nikafungua kinywa. Nikaiona ile orodha. Nikasema, "Nimekuja kukusalimia tu, tata."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi nilikwenda pale Stesheni," alisema. "Siku ya tatu baada ya ukuta kuanguka. Nilivunja ile sakafu kidogo kwa sururu, nikachimba kule nyuma. Nikakuta kipande cha tao la dirisha la tiketi ndani ya mfereji."

Nikainama nikaanza kuyakusanya majani aliyoyakata.

"Nilikifukia tena," akasema. "Wewe una watoto shuleni. Mimi sina mtoto shuleni, Atupele amemaliza. Nilisema moyoni, Lusekelo atasema mwenyewe akiwa tayari. Kwa hiyo nakusubiri."

"Nitasema, tata."

"Ndaga," akasema, akarudi kwenye migomba yake.

Hakunikumbusha tena. Nilimtembelea Krismasi, nilimtembelea Pasaka, tuliongea habari za kahawa. Kila mara niliona anasubiri kidogo mwanzoni mwa mazungumzo, kisha anaacha. Nami nilijiambia, watoto wakimaliza nitasema. Wakamaliza. Nikajiambia, nikistaafu nitasema. Shirika likaiuza Stesheni, tukaachishwa sote, hata mimi fundi mmoja. Aliyeinunua akaibomoa kwa muda wa wiki moja, msingi na mfereji na kila kitu, na siku nilipoona kilima kimekatwa na pamesawazishwa, nilihisi nafuu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilihisi nafuu. Hakuna tena mtu ambaye angechimba pale akaona.

Ambakisye alifariki wakati wa mvua. Mnajua misiba ya kwetu, watu walijaa migombani, chini ya maturubai, siku tatu. Siku ya maziko Atupele alisimama, sasa mwalimu mwenye watoto, kusoma wasifu wa baba yake. Akasoma alikozaliwa, alikobatizwa, alikooa. Akasoma kazi zake: shule mbili, zahanati, makanisa, aliyataja yote kwa majina ya vijiji. Stesheni hakuitaja. Zaidi ya nusu ya maisha yake ya kazi mzee aliyatumia pale, na binti yake aliyaruka, kwa sababu aliona ni aibu na alitaka kumsitiri. Watu wakainamisha vichwa, wakamwelewa.

Kisha mshereheshaji akaniita mimi. Mwakilishi wa mafundi aliowafundisha. Nikasimama mbele ya jeneza. Mama Tusajigwe alikuwa amekaa na wanawake, gongo limelala mapajani. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na sauti, na hakukuwa na orodha yoyote tena ya kuogopa. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa kuwahi kazini. Nikasema hakunywa pombe. Nikakaa. Mtu aliyekaa jirani yangu akanigusa bega, akasema umeongea vizuri.

Mwezi uliopita Atupele alikuja kwangu Ibighi. Chuo cha ufundi kimemwomba historia fupi ya mafundi wa zamani wa Rungwe, isomwe kwa wanafunzi. Akasema, "Baba mdogo, wewe ndiye uliyemjua kazini. Niandikie mazuri ya baba, hata ukurasa mmoja. Ila ukuta ule uuache, tafadhali. Sitaki kicheko." Nikamwambia nitaandika. Mama Tusajigwe tulimzika mwaka juzi, kwa hiyo huyo siwezi tena kumwambia kitu.

Atupele, mwanangu, sikuuacha. Wasomee hivi hivi, usipunguze. Baba yako ndiye aliyeujenga ukuta wa nyuma wa Stesheni, kwa matofali na udongo na chokaa, na haukuwa na ufa hata mmoja mpaka nilipoushika mimi. Najua utakapofika hapa utakuwa umenichukia, na wanafunzi watakuwa wanakutazama. Soma tu.